Mtaa Umepata Lami, Umepoteza Genge

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie nyanya, vitunguu na masharti ya ujenzi wa jiji, mambo ambayo kwa kawaida hayakai katika sentensi moja. Mwaka jana mtaa wetu, ulio katika mojawapo ya makazi ya zamani ya Dar es Salaam yaliyojengeka bila kupimwa, ulipata barabara ya lami, mitaro ya zege na taa za barabarani. Sitautaja kwa jina, wala sitaitaja halmashauri yake, kwa sababu ninayoyaeleza yametokea katika mitaa mingi na sipendi mtu mmoja abebeshwe lawama ya utaratibu mzima. Niseme mapema kwamba lami hiyo naishukuru. Masika yaliyopita, kwa mara ya kwanza tangu nihamie hapa, sikuvua viatu ili nifike kituoni, na jirani yangu alipougua usiku alifuatwa na gari mlangoni badala ya kubebwa mgongoni hadi barabara kuu. Lakini barabara hiyo hiyo ilipopita iliondoa magenge matano yaliyokuwa kati ya msikiti na kona ya kisima, na hadi leo hakuna aliyetuuliza tunanunua wapi chakula.

Huenda baadhi ya wanaochora ramani hizi wanaishi mahali ambapo chakula hununuliwa mara moja kwa wiki na kuhifadhiwa kwenye friji, kwa hiyo nitaeleza genge ni nini kwa mtu anayelitegemea. Ni meza ya mbao ya urefu wa hatua mbili, yenye turubai au mwavuli juu na stuli nyuma yake. Nyanya zimepangwa mafungu mezani, tatu chini na moja juu. Pembeni pana vitunguu vinavyouzwa kimoja kimoja, karoti na hoho zilizokwisha kuunganishwa katika kifuko kimoja, ndimu, bamia, nyanya chungu, tangawizi, nazi, binzari iliyofungwa katika kijikaratasi, na beseni la mchicha na matembele yanayonyunyiziwa maji kila yanapoanza kunywea. Chini ya meza kuna ndoo ya dagaa na gunia la mkaa unaopimwa kwa kopo. Genge la kona yetu lilikuwa likifunguliwa kabla ya saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa nne usiku, maana wateja wake wengi ni watu wanaolipwa jioni: vibarua wa ujenzi, wasukuma mikokoteni, wafua nguo, na akina mama wanaorudi kutoka kuuza vitumbua na karanga mjini.

Mtu aliyepata shilingi 10,000 kwa kazi ya kutwa, akishatoa nauli na akatenga ya kodi ya chumba na ya ndoo za maji, hawezi kununua sado ya nyanya, hata ukimthibitishia kwa hesabu kwamba katika sado nyanya moja inamwangukia kwa bei nafuu zaidi. Ananunua fungu la shilingi 500, kitunguu kimoja, nusu nazi, na biashara imekwisha. Siku ambayo kazi haikupatikana anamtuma mtoto kwa mama wa genge, ambaye sisi sote tunamwita Bibi, na Bibi anafungua daftari lake la mistari, anaandika, anampa mtoto fungu. Yeye mwenyewe alikuwa akiamka saa tisa usiku, akichangia kirikuu, yaani gari dogo la mizigo, na wenzake watatu kwenda soko la Ilala au Mabibo, na mara nyingi tenga la nyanya alilichukua kwa mali kauli, akalipa baada ya kuuza. Mkopo uliotoka kwa mfanyabiashara wa jumla ulishuka namna hiyo hadi kwenye sufuria ya kibarua, bila fomu, bila dhamana na bila riba. Sijui benki gani ingeweza kuufikisha huko.

Sasa soko lililo karibu nasi liko ng'ambo ya barabara kuu, mwendo wa dakika ishirini na tano kwa mguu. Bodaboda inatoza shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, yaani nauli inaizidi mboga. Mtoto wa miaka saba, aliyekuwa akitumwa kwa Bibi na kurudi kabla mafuta hayajapata moto, hawezi kuvushwa barabara ile peke yake. Mpangaji mwenzangu, mama wa watoto wanne, aliamua kufuata ushauri tunaopewa kila siku wa kununua kwa jumla: Jumapili alileta sado nzima ya nyanya, akaitandaza juu ya gazeti chini ya kitanda, mahali penye ubaridi kidogo kuliko pote chumbani mwake. Jumatano alinionyesha. Zaidi ya nusu zilikuwa zimeanza kutoa maji, na lile gazeti limeganda sakafuni. Tangu hapo amerudi kwenye ugali na dagaa wasio na nyanya wala mchicha siku tatu au nne za wiki, na asubuhi watoto wanapewa maandazi, kwa sababu maandazi ndiyo yanayopita mlangoni.

Pengine neno lenyewe limetuponza. Katika Kiswahili chetu genge ni meza ya mboga, lakini pia ni kundi la wahalifu, na ukiangalia namna magenge yanavyoondolewa, kwa mgambo, lori na amri ya saa ishirini na nne, utadhani mwandishi wa amri aliisoma maana ya pili.

Kuondoka kwa magenge hakukuanza siku katapila lilipofika. Kulianza kwenye mchoro. Kila barabara inapopimwa kuna sharti la upana wake, sharti la mtaro, sharti la njia ya waenda kwa miguu na sharti la hifadhi, yaani ardhi ya kando inayotengwa kwa ajili ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukipima kutoka katikati ya barabara. Na wasomaji wengi wanakumbuka kwamba mwaka 2017, kutoka Kimara hadi Kiluvya, alama za X, zinazochorwa kwenye majengo ya kubomolewa, zilifuata kipimo kikubwa zaidi cha mita 121. Barabara za mitaani hazina upana huo, lakini mantiki ni ile ile: kinachokaa ukingoni mwa njia kinahesabiwa kuwa kimevamia. Na ukingoni mwa njia ndiko chakula cha maskini kinakouzwa, kwa sababu ndiko anakopita akirudi kazini na ndiko kusiko na kodi ya fremu, yaani chumba cha duka. Kwa hiyo mhandisi anapotimiza masharti yake yote kwa uaminifu, bila rushwa na bila chuki na mtu, anakuwa ameondoa mstari mzima wa chakula, na katika fomu yake hamna hata kisanduku kimoja cha kuliandika jambo hilo.

Wapo watakaosema kwamba walioathirika hulipwa. Ni kweli kwamba taratibu za fidia zimeboreka, na miradi inayogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ina sharti kwamba hata asiye na hati ya ardhi asaidiwe anapopoteza mahali anapojipatia riziki. Hilo ni jema, na pale linapotekelezwa nalipongeza. Lakini fidia inamtazama muuzaji. Hata Bibi angelipwa kila senti anayostahili, mimi na kaya nyingine mia mbili tuliokuwa tukinunua kwake tusingeonekana popote katika jedwali la athari, kwa kuwa hatukubomolewa kitu. Katika mkutano wa mradi uliofanyika mtaani kwetu, walioitwa kwa majina walikuwa wenye nyumba. Wapangaji, ambao ndio wengi katika kila nyumba ya vyumba sita au minane, tulisimama nyuma, na maswali yaliyoulizwa yalikuwa ya kuta, vyoo na miti. Mimi mwenyewe nilikuwepo na sikuuliza kuhusu magenge. Haikunijia akilini kwamba meza ya mbao inaweza kuondoka isirudi, maana miaka yote ilikuwa ikiondolewa asubuhi na kurudi jioni.

Upande wa majengo hali ni ya kimyakimya zaidi. Nyumba za zamani za Uswahilini zilikuwa na baraza mbele, na baraza hilo lilikuwa sehemu ya makazi na ya uchumi kwa pamoja: mwenye nyumba aliketi hapo jioni, na mchana alimruhusu mama mmoja aweke meza kwa malipo madogo au kwa mboga ya siku tu. Leo nyumba hizo zinauzwa moja baada ya nyingine na mahali pake panasimama ghorofa tatu au nne za vyumba vya kupangisha. Mjengaji anapoomba kibali anatakiwa kuonyesha umbali kutoka mpaka wa kiwanja, sehemu ya kiwanja itakayofunikwa na jengo, shimo la majitaka, tahadhari za moto na maegesho ya magari. Yote hayo yana sababu zake. Hata hivyo matokeo yake ni ukuta mrefu wenye geti, na nyuma ya geti uwanja uliotandikwa vitofali kwa ajili ya magari ambayo wapangaji wengi hawana. Nafasi moja ya gari kwa vipimo vya kawaida ni mita mbili na nusu kwa tano. Meza ya Bibi, pamoja na mahali pake pa kukaa na mahali pa mteja kusimama, haikuzidi mita mbili kwa moja na nusu. Katika nafasi ya gari moja lisilokuwepo yangetosha magenge matatu.

Baadhi ya majengo hayo yana fremu chini, na nimeambiwa kwamba hilo ndilo jibu: wauza mboga wahamie kwenye fremu. Anayesema hivyo hajawahi kuulizia kodi ya fremu. Mwenye jengo anataka malipo ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na bidhaa inayoweza kurudisha fedha hiyo ni simu na vifaa vyake, vipodozi, nywele bandia, huduma za fedha za mitandao, au dawa. Faida ya mchicha haiwezi. Mtaa wetu leo una fremu kumi na moja mpya, nimezihesabu. Tatu ni za wakala wa fedha, mbili ni saluni, moja ni ya kamari za mpira, nyingine zinauza simu, nguo na vinywaji, na moja ni duka la mangi linalouza mchele, unga, sukari na mafuta ya kupima. Mboga ya majani haimo hata katika moja. Sharti la kwamba biashara ya chakula ifanyike katika jengo la kudumu, ambalo nia yake ni afya ya mlaji, limeuondoa mchicha na kuacha soda.

Nakumbuka pia operesheni ya mwishoni mwa 2021, wamachinga walipoondolewa kando ya barabara za miji na kupangwa katika maeneo maalumu. Sikuipinga yote. Katikati ya jiji mlemavu wa macho alikuwa hana pa kupita, na wenye maduka waliolipa kodi walikuwa wamezibwa milango. Miaka mitatu kabla ya hapo, Desemba 2018, serikali ilikuwa imeanza kutoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na kadi ile ilimpa muuza genge amani ambayo hakuwahi kuwa nayo. Kisha upepo ukageuka. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa kuwaweka machinga na mama wa genge katika kapu moja. Machinga anauza mashati, chaja na viatu kwa wapita njia kutoka pande zote za mji, kwa hiyo anaweza kuhamishwa na wateja wakamfuata, ingawa hata hilo halina uhakika: Machinga Complex pale Ilala ilikaa kwa miaka mingi na vizimba vitupu, kwa sababu mnunuzi hakuona haja ya kupanda ngazi kutafuta kitu anachokipata chini. Genge linahudumia nyumba zilizolizunguka. Ukilihamisha kilomita mbili umeliua, na hata ukilijengea paa zuri huko liliko, hakuna mtu atakayesafiri kwa ajili ya vitunguu viwili.

Hapa hujitokeza hoja ambayo nimeisikia kwa watu wasomi na wema, kwamba mji unapokua magenge hufa yenyewe na supamaketi huchukua nafasi. Historia yetu fupi haionyeshi hivyo. Shoprite iliondoka Tanzania mwaka 2014 na kuziuza shughuli zake kwa Nakumatt. Uchumi ikafunga mwaka uliofuata. Nakumatt nayo ikaanguka. Na Game ikafunga duka lake mwaka 2022. Zipo zilizobaki na zilizoingia baadaye, lakini ziko kwenye majengo makubwa ya biashara na barabara za wenye magari. Kila moja ilikuwa na matatizo yake ya mitaji na uendeshaji, na siwezi kusema kwamba ziliangushwa na Bibi. Ninachosema ni kwamba katika miaka yote hiyo ya kufungua na kufunga, watu wa Manzese, Tandale, Buguruni, Vingunguti na Mbagala waliendelea kula, na waliowalisha ni hawa tunaowaita wavamizi.

Na huko kunakoigwa, wenyewe wamekwisha kujuta. Katika miji mingi ya Marekani mipango ya matumizi ya ardhi ilitenganisha nyumba na maduka, kila duka jipya likatakiwa kuwa na maegesho mengi, na wenye maduka ya vyakula wakafuata viwanja vikubwa vya pembezoni walikohamia wenye kipato. Mitaa ya maskini ikabaki na vituo vya mafuta na vioski vya bisi na soda. Mwaka 2009 jiji la New York lilianzisha mpango wa kurudisha maduka ya vyakula katika mitaa hiyo, na nyenzo yake kubwa ilikuwa hiyo hiyo tunayoijadili hapa: kulegeza masharti ya maegesho na kumruhusu mjengaji aongeze ukubwa wa jengo endapo ghorofa ya chini itakuwa na duka la vyakula vibichi. Yaani wanatumia kanuni za ujenzi na misamaha ya kodi kukirudisha kitu ambacho sisi bado tunacho na tunakifukuza kwa kanuni za ujenzi.

Sitaki kuonekana kama mtu anayetetea uchafu. Maganda ya ndizi na majani ya kabichi kutoka magengeni yaliwahi kuziba mtaro wetu wa zamani, na nimeona mama mmoja akisuuza mchicha kwa maji ambayo nisingenawia miguu. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam Agosti 2015 kila mmoja wetu alikuwa na haki ya kuogopa. Lakini mboga nyingi za genge hupikwa kabla ya kuliwa, tofauti na matunda yaliyokatwa na juisi za barabarani, na ugonjwa ule ulihusu zaidi maji na vyoo kuliko meza za mbao. Kama shida ni taka, dawa yake ni pipa na mtu wa kulimwaga. Kama shida ni maji, dawa yake ni bomba. Mitaro mipya yenyewe imefunikwa kwa mabamba ya zege yanayoweza kubeba watu na meza bila tatizo. Ushuru wa magenge matano kwa siku ungetosha kumlipa kijana mmoja wa kuzoa taka, na ushuru huo tulikuwa tukiona ukikusanywa kila asubuhi, kwa stakabadhi, kutoka kwa watu wale wale walioambiwa baadaye kwamba hawakuwa hapo kihalali.

Jambo hili la ushuru linanisumbua kuliko mengine, na naomba uniruhusu nikae nalo kidogo. Bibi alinionyesha mfuko wa plastiki uliojaa stakabadhi za miaka kadhaa, zimefungwa mipira kwa miezi. Alizitunza akiamini kwamba siku ikifika zitamtetea. Siku ilipofika alizipeleka, akaelezwa kwa heshima kabisa kwamba stakabadhi ya ushuru inathibitisha kuwa umelipa ushuru, haithibitishi kuwa una mahali. Kisheria pengine aliyemjibu alikuwa sahihi. Leseni ya biashara inahitaji anuani ya mahali, na mahali panahitaji umiliki au mkataba wa pango, na kando ya njia hakuna anayeweza kukupa kimojawapo. Mzunguko huo hautoki popote mpaka halmashauri yenyewe iamue kutunga sheria ndogo itakayolitambua genge kama huduma ya makazi, lenye namba, kipimo na mahali palipochorwa, na kibali chake kitolewe na kusimamiwa na Serikali ya Mtaa, inayomjua muuzaji na mnunuzi kwa sura. Uwezo wa kutunga sheria ndogo halmashauri zinao, na huutumia kila mara kwa maegesho, mabango na taka.

Kwa upande wa barabara, ombi langu ni dogo kuliko linavyoweza kudhaniwa. Mhandisi anayechora sehemu ya daladala kuegea nje ya njia anaweza kuchora pia upenyo wa genge katika kila kona inayofaa, mita mbili kwa nane, juu ya mtaro uliofunikwa, na bomba moja na pipa moja. Gharama yake ndani ya mradi wa mabilioni haitaonekana. Kwa upande wa majengo, mjengaji wa nyumba za kupangisha katika mitaa ambayo wakazi wake hawana magari aruhusiwe, na hata ahimizwe, kubadilisha nafasi moja au mbili za maegesho kuwa baraza la magenge linalotazama barabara, nje ya geti, na lisihesabiwe kama kosa la matumizi ya kiwanja. Wenye nyumba wengi wangekubali, kwani mpangaji anayepata mboga mlangoni hahami haraka.

Na kabla X haijachorwa popote, mradi utakiwe kujibu kwa maandishi swali moja: wakazi wa hapa watanunua chakula wapi wakati wa ujenzi na baada yake, na ni mwendo wa dakika ngapi kwa mguu? Tunaulizwa kuhusu vumbi, kelele, miti na makaburi. Sioni kwa nini mchicha usiingie katika orodha hiyo.

Najua kwamba jiji lina mpango kabambe wa 2016 hadi 2036, na kwamba wataalamu wetu wa mipangomiji wanafundishwa kuyahesabu maduka ya karibu na masoko miongoni mwa huduma za makazi kama shule na zahanati. Shida ni kwamba mpango uliotangulia ulikuwa wa 1979, uliochorwa kwa mkoa ambao sensa ya mwaka mmoja nyuma ilikuwa imeuhesabia watu 843,090. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728, na kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi karibu asilimia 70 ya wakazi wa jiji wako katika makazi yasiyopangwa. Katika miaka hiyo yote ya katikati, ambapo mtaa ulizaliwa bila ramani na soko halikutengwa, pengo lilijazwa na mtu mwenye meza. Alifanya kazi ya mpangaji wa mji kwa mtaji wa tenga moja. Sasa ramani inapofika, ikiwa imechelewa kwa miongo minne, mtu wa kwanza kuondolewa ni yeye.

Bibi bado anauza. Siku hizi anapita na beseni kichwani kuanzia saa kumi na mbili jioni, mgambo wakishaondoka, na usiku huketi chini ya mojawapo ya zile taa mpya, mafungu kumi au kumi na mawili juu ya kipande cha kiroba, vitunguu pembeni, daftari mapajani. Anasema mwanga wa taa ni mzuri kuliko chemli yake ya zamani. Mchicha haubebi tena, kwa sababu beseni moja halitoshi na ukikimbizwa unamwagika.

Wiki mbili zilizopita wapimaji wamerudi kwa ajili ya awamu ya pili, itakayoanzia kwenye kona yetu hadi nyuma ya shule ya msingi. Wameacha vigingi vyenye rangi nyekundu, na kimoja kimesimama katikati ya genge la mwisho lililobaki upande huu, la mama mwingine na binti yake. Nyuma ya kigingi hicho kuna ardhi ya wazi isiyo ya mtu, yenye mwarobaini mmoja, ambayo katika mchoro ulioning'inizwa ofisi ya mtaa imeandikwa maegesho. Nimeipima kwa hatua: kumi na mbili kwa tisa. Mkandarasi hajaingia kazini bado.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mpangaji, Dar es Salaam